Jina Moja, Waitikaji Wawili

 

Nianzie barabarani. Ukitoka Nairobi kwa basi la Garissa, ukapita Mwingi, ukapita Nguni na Ukasi, vilima hubaki nyuma, nchi ikalala tambarare, na kabla hujaufikia Mto Tana pale Madogo unakuta Bangale. Basi halikai sana hapo. Wanashuka wachache, wanapanda wachache, na utingo anatoa mizigo ya watu tumboni mwa gari. Siku moja nilikuwa nimesimama hapo juani nikingoja bahasha yangu. Utingo akainua katoni, akasoma maandishi ya kalamu nene: "Abdi, Bangale." Akapaza sauti, "Abdi!" Wakaitika wawili. Mmoja alikuwa karibu na mlango wa gari, mwingine ng'ambo ya barabara chini ya mti. Wa karibu akapokea katoni akaenda zake, na basi nalo likaondoka.

Jioni yake huyo Abdi wa mlangoni alifungua katoni akitarajia dawa ya minyoo ya mbuzi wake. Akakuta spea ya pampu ya maji. Wala hakuwa mwizi: aliitwa, akaitika, akapewa.

Bahasha yangu mimi ilikuwa na flashi, na ndani ya flashi mlikuwa na toleo jipya la programu ya rekodi za wagonjwa. Kabla jua la siku ya pili halijachwa, nami nilikuwa nimefanya kosa lile lile la utingo, ila langu nililifanya ndani ya seva. Mazungumzo ya leo, basi, ni juu ya hilo: mgongano wa maktaba pale programu ya Java inapopelekwa kwenye seva. Unatoka wapi, unatambulikanaje, na mtu autatue vipi. Ninyi vijana mlio vyuoni shikeni kalamu. Na wewe mama unayesema haya hayakuhusu, nivumilie kidogo, kwa maana foleni ya kliniki ni yako.

Tuanze na maneno. Java ni lugha ya kuandikia programu. Ilitolewa mwaka 1995 na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani, na tangu 2010 iko mikononi mwa Oracle. Mtu anayeandika programu kwa Java haandiki kila kitu mwenyewe. Akitaka kuongea na hifadhidata, kuna waliokwisha andika kazi hiyo. Akitaka kutoa ripoti, kuandika logi au kusoma tarehe, wapo pia waliomtangulia. Kazi hizo za watu, zilizofungwa tayari kutumiwa na wengine, ndizo tunazoziita maktaba. Kila maktaba huja ndani ya faili ambayo jina lake huishia kwa herufi tatu, j, a, r, na mafundi huiita jari. Ndani ya jari kuna vipande vidogo viitwavyo klasi, na ndani ya klasi kuna methodi, yaani kazi moja moja ambayo klasi hiyo inaweza kuifanya ikiombwa. Programu ya wavuti ikishakamilika hufungwa pamoja na jari zake zote katika kifurushi kimoja, nacho hupelekwa kwenye seva. Humo ndani mna folda iitwayo WEB-INF, na chini yake folda nyingine iitwayo lib. Jari zote za programu hukaa humo.

Huenda ukadhani haya ni mambo ya mabenki ya Nairobi. Sivyo. Mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, huko Nandi, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwa kompyuta, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Mfumo huo ulipoelemewa na kazi, wenyewe wakakaa chini kubuni mwingine, wakaupa jina OpenMRS, na mwaka 2006 ukaanza kazi Eldoret. OpenMRS umeandikwa kwa Java. Juu ya msingi wake ukajengwa KenyaEMR, ambao umeenea katika vituo vya afya vya nchi hii. Zile takwimu za kila mwezi ambazo vituo hupeleka serikalini nazo hupitia DHIS2, mfumo uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo, ambao Kenya iliutandaza nchi nzima mwaka 2011. Huo nao ni Java. Na mifumo ya aina hii mara nyingi hukaa ndani ya Tomcat, programu ya seva ya bure ya shirika la Apache. Kwa hiyo jari ikigombana na jari, anayeweza kuumia ni muuguzi aliye mbele ya mtoto mwenye homa.

Sasa kisa changu. Kituo nitakiacha bila jina, wala programu sitaitaja, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Nilifika asubuhi na flashi yangu. Seva yao ilikuwa kompyuta ya kawaida, imewekwa juu ya meza ndogo katika chumba cha rekodi, na feni ikivuma kando yake. Utaratibu ulioandikwa ulisema: zima Tomcat, ondoa programu ya zamani yote, weka mpya, washa. Nilikuwa na haraka. Folda ya zamani ilikuwa na vitu vidogo ambavyo wenzangu walivirekebisha mle mle, nikaogopa kuvipoteza. Nikafungua kifurushi kipya juu ya folda ya zamani. Nilijiambia kwamba faili mpya zitafunika za zamani, na mambo yataisha.

Lakini jari nyingi hubeba nambari ya toleo katika jina lake. Ile ya zamani inaishia, tuseme, mbili nukta tano. Mpya inaishia mbili nukta tisa. Kwa kompyuta hayo ni majina mawili, hakuna linalomfunika mwenzake. Nilipowasha Tomcat, folda ya lib ilikuwa na maktaba ile ile mara mbili, ya jana na ya leo, zimekaa bega kwa bega kama wale Abdi wawili.

Na cha ajabu ni kwamba programu iliwaka. Ukurasa wa kwanza ukafunguka, nikaingia kwa nywila, orodha ya wagonjwa ikaja. Nikakunywa chai. Saa nne hivi karani akasajili mtoto wa kwanza, akabonyeza kuhifadhi, na skrini ikajaa maandishi mekundu. Akajaribu tena, yakaja yale yale. Nje benchi la kina mama lilikuwa limejaa. Sista akaja mlangoni, akaniangalia bila neno, akarudi. Baadaye nikasikia akisema, "Leteni daftari." Wakarudia daftari za Wizara ya Afya, MOH 204A kwa watoto wasiotimiza miaka mitano na 204B kwa waliozidi. Walifanya kazi kwa kalamu kutwa nzima, na mimi nimeinamia seva.

Kwa nini iliwaka kwanza, ikaanguka baadaye? Hapa ndipo wengi wetu hupotea. Java haipakii klasi zote kwa mara moja. Huingoja kila moja mpaka iitwe. Kuna mhudumu ndani yake ambaye kazi yake ni kutafuta klasi inapohitajika. Mimi nitamwita mpakiaji. Programu ikisema "nipe klasi fulani," mpakiaji huenda kutafuta, na wa kwanza kuitika ndiye anayechukuliwa. Akishachukuliwa, basi. Mpakiaji harudi nyuma kuuliza kama kuna mwingine mwenye jina hilo. Ukurasa wa kuingilia haukuihitaji maktaba ile, ndiyo maana ulifunguka. Kuhifadhi kuliihitaji. Mpakiaji akaita, toleo la jana likaitika, likaombwa methodi iliyoongezwa katika toleo la leo, likasema sina. Ujumbe wenyewe huandikwa NoSuchMethodError, maana yake: methodi uliyoitaka haipo. Katoni ilikwenda kwa Abdi, lakini Abdi huyu alikuwa akingoja dawa ya mbuzi.

Vijana, shikeni dalili tatu, kwa sababu kila moja inaelekeza mahali pake.

Ya kwanza ni pale Java inaposema klasi haikupatikana. Uliita, hakuitika mtu. Mara nyingi jari haipo kabisa, au ipo mahali ambapo mpakiaji wa programu yako hafiki. Wakati mwingine ujumbe husema klasi haikuweza kufafanuliwa, yaani wakati wa kuunda programu ilikuwapo, ilipofika kwenye seva ikakosekana au ikashindwa kuamka.

Ya pili ni hiyo iliyonikuta mimi: klasi imepatikana, methodi haipo. Hapo usihangaike kuongeza jari. Jari zipo tele; tafuta ile iliyozidi.

Ya tatu ndiyo inayochanganya akili kuliko zote. Java inakwambia kwamba kitu fulani hakiwezi kugeuzwa kuwa kitu fulani, nawe ukitazama unaona jina ni lile lile pande zote mbili, herufi kwa herufi. Unaweza kufikiri mashine imeingiwa na wazimu. Kumbe klasi hiyo imepakiwa mara mbili na wapakiaji wawili, mmoja wa programu na mmoja wa seva. Kwa Java, utambulisho wa klasi ni jina lake pamoja na mpakiaji aliyeileta. Sisi huku tunalielewa hilo bila kusoma chuo. Abdi Barisa na Abdi Godana si mtu mmoja, hata kama wote wanaitwa Abdi.

Tuingie ndani kidogo, tuone mpakiaji anatafuta kwa mpangilio gani. Desturi ya Java yenyewe ni kwamba mtoto humwuliza mzazi kwanza. Mpakiaji mdogo akitakiwa klasi, huipeleka juu kwa mkubwa wake. Mkubwa akikosa, ndipo mdogo atafute mwenyewe. Katika seva za wavuti mambo hugeuzwa. Tomcat, isipoelekezwa vingine, huanza na klasi za msingi za Java, ambazo hazichezewi, kisha huangalia klasi za programu yako, kisha folda yako ya lib, na mwisho kabisa folda ya lib ya Tomcat yenyewe, ambayo ni ya wote. Kwa maneno mengine, mpangaji hutumia vyombo vyake kabla ya kuazima kwa mwenye nyumba. Lakini si kila seva ina tabia hiyo. WebLogic ya Oracle humpendelea mwenye nyumba, na ukitaka programu yako itangulie, inabidi uiandike katika faili yake ya maelekezo. WildFly nayo ina utaratibu wake, na faili yake ya kusema nani aonwe na nani afichwe. Ndiyo maana programu inaweza kustawi kwenye seva hii na kuanguka kwenye ile, bila herufi moja kubadilika.

Na ndani ya folda moja ya lib, jari mbili zikiwa na klasi ile ile, nani hutangulia? Usitegemee alfabeti, wala usitegemee tarehe. Tomcat ya siku hizi haina ahadi kuhusu mpangilio huo. Inaweza kufuata jinsi diski ilivyopanga faili zake. Hivyo ndivyo fundi anavyoapa kwamba kwake inafanya kazi, na hadanganyi. Kwenye kompyuta yake aliitika Abdi wa pili.

Lakini mgongano haupandwi na haraka za watu kama mimi tu. Mara nyingi huja umejificha ndani ya maktaba zenyewe. Wewe umechagua maktaba tano. Kila moja ina jamaa zake inaowategemea, na jamaa hao wana jamaa zao. Ukiita watano, wanakuja arobaini. Katikati ya msafara huo, mmoja anataka maktaba fulani toleo la kwanza, mwingine anataka toleo la tatu la maktaba hiyo hiyo. Maven, chombo kinachotumiwa sana kukusanya maktaba za Java, lazima kichague moja. Wengi hudhani huchagua toleo jipya zaidi. La, huchagua lililo karibu zaidi katika ukoo. Toleo la kwanza likija kupitia kwa mjomba wako, na la tatu likija kupitia kwa binamu wa mjomba, Maven humchukua aliyeletwa na mjomba, hata kama amezeeka. Wakiwa sawa kwa ukaribu, hutangulia aliyetajwa mwanzo katika orodha yako. Kanuni hiyo haina ubaya. Ubaya ni kutoijua.

Basi dawa ni nini? Nitazitaja kwa mpangilio ambao mimi hufuata siku hizi.

Kwanza, tazama unachobeba. Maven ina amri moja, dependency:tree, nayo ukiiongezea -Dverbose huchora mti wa ukoo mzima wa maktaba zako, nani kaletwa na nani. Mti huo uusome kabla hujafunga kifurushi. Ukiona jina limejirudia kwa matoleo mawili, hapo kuna kesi ya kusikilizwa.

Pili, toa hukumu mwenyewe, usiiache kwa bahati. Andika katika faili kuu ya mradi kwamba maktaba fulani, popote itakapoitwa, itakuwa toleo hili. Kama kuna maktaba inayoburuta jamaa usiyemtaka, mwondoe kwa jina pale pale inapotajwa. Na kama wawili hawapatani kabisa, yaani mmoja hawezi kuishi na toleo jipya na mwingine hawezi kuishi na la zamani, ipo njia ya kubadilisha majina ya klasi za mmoja wao ndani ya jari, ili waishi nyumba moja wakiitwa tofauti. Njia hiyo iwe ya mwisho, maana anayekuja kurekebisha baada yako atatafuta jina la zamani asilione.

Tatu, usimpelekee mwenyeji kile alicho nacho. Tomcat ina klasi zake za kupokea maombi ya wavuti. Programu yako inazihitaji wakati wa kuundwa, lakini ikifika itazikuta. Katika Maven unaziandika kwamba zitatolewa na seva, kwa neno provided, na hazifungwi ndani ya kifurushi. Ukizifunga kwa kusahau, Tomcat huikataa jari hiyo na kuandika katika logi kwamba haikuipakia. Huyo ni mwenyeji mpole. Wenyeji wengine watakuacha ugundue mwenyewe.

Nne, folda ya lib ya seva iheshimu. Vishawishi ni vingi. Programu imelalamika kukosa jari, fundi anaitupa kwenye lib ya seva, malalamiko yanaisha, anarudi nyumbani. Miezi mitatu baadaye programu ya pili inakuja kukaa hapo hapo na kuikuta jari isiyoijua. Kuna jari chache zenye haki ya kukaa huko, kwa mfano kiunganishi cha hifadhidata, pale ambapo seva yenyewe ndiyo inayosimamia miunganisho. Lakini kikikaa huko kisikae pia ndani ya programu. Kila kitu kiwe na mahali pamoja, na mahali hapo pawe na mwenyewe.

Tano, unapoweka toleo jipya, ondoa la zamani lote. Marekebisho ya mkono yahamishiwe kwanza mahali pengine, nje ya folda ya programu. Ningefanya hivyo siku ile, kina mama wangerudi nyumbani mapema.

Sita, ukishindwa kuona mgongano kwa macho, iulize Java. Ukiiwasha na neno -verbose:class, itakuandikia kila klasi iliyopakiwa na faili ilikotoka. Orodha ni ndefu, lakini humo ndimo nilimompata Abdi wangu. Niliitafuta klasi iliyotajwa na yale maandishi mekundu, nikaona mbele yake jina la jari, mbili nukta tano. Nikainua mikono.

Msikilizaji anaweza kuniuliza: mbona siku hizi kuna njia ya kufunga programu pamoja na seva yake katika kontena moja, kama la Docker, kila mtu na nyumba yake? Ni kweli, na ni njia nzuri. Inapunguza ugomvi wa mpangaji na mwenye nyumba, na inahakikisha kwamba kilichojaribiwa Nairobi ndicho kinachofika Bangale. Lakini zile jari mbili katika lib yangu zingegombana hata ndani ya kontena, kama kontena limefungwa na mtu mwenye haraka kama yangu. Ukuta wa nje hautulizi ugomvi wa sebuleni.

Kuna mgongano mwingine ambao huwezi kumlaumu fundi yeyote kwa ajili yake, na unaendelea kusumbua. Mwaka 2017 Oracle ilitangaza kulikabidhi tawi la Java la kazi za seva kwa shirika la Eclipse Foundation. Kazi ilihama, lakini haki ya kuliendeleza jina la zamani, lile linaloanza na javax, haikuhama. Ikabidi ukoo mzima ubadilishe jina uitwe jakarta, na mabadiliko hayo yakatoka rasmi mwishoni mwa 2020. Tomcat 9 inaitikia javax. Tomcat 10 inaitikia jakarta. Programu iliyoandikwa kwa jina la zamani ukiipeleka Tomcat 10 itaita mpaka ikauke koo. Kwa hiyo anayekwambia "tuongeze tu toleo la Tomcat" mwulize kwanza programu inaita jina gani. Ama ibaki Tomcat 9, ama ipitishwe kwenye chombo cha kugeuza majina, ambacho watu wa Tomcat wenyewe wamekitoa, ama iandikwe upya sehemu hizo.

Na lipo jambo zito zaidi. Desemba 2021 dunia ilitangaziwa kwamba Log4j, maktaba ya kuandika logi, ilikuwa na tundu ambalo mtu wa mbali angeweza kulitumia kuendesha amri zake ndani ya seva. Uzito wake ulipimwa kumi juu ya kumi. Mafundi kila nchi waliulizwa swali moja: je, sisi tunayo? Wengi hawakuwa na jibu, kwa sababu hawakuichagua Log4j wenyewe. Ilikuja na jamaa wa jamaa. Waliokuwa na orodha ya wanachobeba walijibu upesi. Wengine walikesha wakifungua jari moja moja.

Nimalizie kule chumba cha rekodi. Saa tisa alasiri nilikuwa nimefuta folda yote, nimeweka programu upya, karani amehifadhi mtoto wa majaribio na amefaulu. Sista akaja kuuliza ilikuwa nini. Nikamweleza kadiri nilivyoweza: maktaba mbili, jina moja, matoleo mawili. Akanisikiliza, kisha akaniita tukaenda chumba cha chanjo. Akafungua kisanduku cha baridi.

"Hii ya surua," akasema, "inakuja unga. Haidungwi hivi hivi, ina maji yake ya kuchanganyia. Maji yanatoka kiwanda kile kile kilichotengeneza unga. Siwezi kuchukua maji ya kiwanda kingine, hata kama chupa zinafanana na maandishi yanafanana. Ndiyo maana kila ikija naandika bechi ya unga na bechi ya maji." Akanionyesha daftari lake, mistari imenyooka, nambari kwa nambari. "Sasa fundi, kwani wewe huandiki bechi?"

Sikuwa na la kujibu. Mimi niliyesoma kompyuta nilikuwa nimetazama jina la maktaba nikaridhika. Yeye hatazami jina peke yake. Anauliza imetoka wapi, na imekuja na nani.

Kabla sijaondoka nilichukua karatasi, nikaandika: toleo la Java, toleo la Tomcat, toleo la programu, kila jari iliyomo katika lib ya seva na sababu ya kuwa humo, na tarehe. Nikaibandika ubavuni mwa kompyuta. Kila ninaporudi kituo kile huisoma kabla sijagusa kitu, na nikibadilisha kitu naandika mstari mpya chini yake.

Mnataka kujua ya katoni? Abdi wa kwanza alipoona spea ya pampu aliirudisha asubuhi yake, akaulizia mjini mpaka akampata mwenzake, na dawa yake ikaja kwa basi lililofuata. Binadamu akipewa kisicho chake hujua kurudi kuuliza. Seva haijui. Kazi ya kuuliza "Abdi wa nani?" ni ya yule anayeandika juu ya katoni kabla basi halijatoka Nairobi.